Kompyuta ya Bei Kubwa: Tunanunua Kazi au Tunanunua Mng'aro?

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019, hakuna mnunuzi anayetoa fedha kwa sababu tu mzigo unang'aa. Dhahabu hupimwa uzito, husomwa kiwango cha usafi wake, ndipo bei hutajwa. Mchimbaji wa Nyarugusu au wa Rwamgasa, aliyekulia katika kazi hiyo, anajua tangu utotoni kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. La kustaajabisha ni kwamba mtu huyo huyo akiingia katika duka la kompyuta, huiacha mizani yake mlangoni. Hutazama wembamba wa mashine, bati lake lililosuguliwa na alama iliyochorwa mgongoni, kisha hutoa akiba ya mwaka mzima bila hata kuuliza kilichomo ndani.

Siku hizi kompyuta si chombo cha maofisa peke yao. Mwanafunzi wa chuo anaihitaji, mwalimu anaihitaji, mwenye duka la steshenari anaishi kwayo, na karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo anaweka humo hesabu za mifuko ya mawe na mgawo wa kila mwanachama. Kwa familia nyingi za wafanyakazi mjini Shinyanga, Kahama au Geita, baada ya kiwanja na pikipiki, huenda hakuna kitu kingine cha bei kubwa kitakachonunuliwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo inafaa tukae kitako tuulize: fedha hizo zinakwenda wapi? Mtengenezaji ametupa nini, na ametunyima nini ili atupe hicho?

MABISHANO YA NYUMBA MOJA

Tuchukue familia ya mfano ya Kahama. Baba ni fundi mitambo katika kampuni inayofanya kazi migodini, mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao mkubwa amepata nafasi ya chuo kwa masomo ya miaka mitatu. Fedha zipo, lakini hizo hizo ndizo za ada, za nauli na za kumalizia chumba kilichosimama kwenye linta.

Baba anataka kompyuta mpakato mpya ya daraja la juu, ile yenye ganda la alumini. "Mama watoto," anasema, "mimi ni fundi. Spana nzuri hununuliwa mara moja. Rahisi huwa ghali."

Mama anataka mtumba: kompyuta imara iliyokuwa ya ofisi huko Ulaya au Marekani, ikauzwa baada ya miaka mitatu minne ya kazi. "Baba watoto," anajibu, "binti anakwenda kuandika na kusoma, haendi maonyeshoni. Mashine hiyo ikiibwa bwenini wiki ya pili, tutamsomesha kwa nini?"

Mjomba wa binti, ambaye hakosi katika vikao kama hivyo, ana lake. "Shemeji, na wewe dada, kwa nini mgombane? Dukani zipo mpya za plastiki, zimefungwa katika boksi, zina dhamana, na bei yake ni ya katikati."

Kila mmoja ana hoja yenye mashiko. Mahali wanapokosana ni katika jambo ambalo hata wahandisi wakubwa wa dunia hawajakubaliana: katika kuunda kompyuta, kila jema lina gharama yake, na hakuna anayeweza kupata yote.

KUPANGA NI KUCHAGUA

Nchi yetu nayo imewahi kupita katika mtihani huu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya gharama kubwa, iliyohitaji chumba chake, ubaridi wake na wataalamu wake, na wataalamu wenyewe wakati huo walikuwa haba sana miongoni mwetu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiueleza mkutano mkuu wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo, alitoa hotuba ambayo jina lake limekuwa msemo wa kila siku: kupanga ni kuchagua. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Katika miaka ya 1980 ziliingia kwa vibali, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa.

Wapo wanaoiona marufuku ile kuwa ilituchelewesha, na wapo wanaosema iliokoa fedha za kigeni wakati nchi ilipozihitaji kwa chakula na mafuta. Hatukusudii kumaliza ubishi huo hapa. Lakini funzo moja linaifaa kila nyumba: bei ya kompyuta haiishii dukani. Inaendelea katika umeme, katika matengenezo, katika vipuri na katika ujuzi wa anayeitumia. Asiyeziweka gharama hizo katika hesabu yake amenunua mbuzi ndani ya gunia.

GANDA: ALUMINI AU PLASTIKI

Tuanze na kile macho yanachokiona kwanza. Mwezi Oktoba 2008 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta mpakato ambazo kiwiliwili chake kilichongwa kutoka katika bonge moja la alumini, badala ya kuunganishwa kwa vipande vingi. Kuchonga namna hiyo ni kazi ya gharama. Huhitaji mashine za kukata chuma kwa vipimo vidogo sana, na sehemu kubwa ya bonge hugeuka kuwa vumbi la chuma linalokusanywa na kuyeyushwa tena. Faida yake ni ya kweli: ganda halipindiki, bawaba za kioo hushika mahali imara, na alumini husaidia kusambaza joto.

Plastiki ni nyepesi na haina gharama, nayo huvumilia kugongwa kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye bawaba. Katika mashine nyingi za bei ya chini, skrubu za bawaba zimeshika vijisumari vya shaba vilivyopachikwa katika plastiki. Baada ya kufungua na kufunga mara elfu kadhaa, plastiki inapasuka, na kioo kinaanza kuvuta waya zake. Mafundi wa mijini kwetu wanaijua kazi hiyo vizuri, maana huletewa mara kwa mara.

Ipo njia ya tatu, ambayo haing'ai hata kidogo. Kompyuta za ofisini kama ThinkPad, iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuingia mikononi mwa Lenovo ya China mwaka 2005, kwa muda mrefu zimeundwa kwa ganda jeusi lisilo na madaha, lakini ndani yake aina nyingi zina kiunzi cha magnesi na bawaba za chuma. Fedha imewekwa mahali ambapo macho hayafiki. Hiyo ndiyo mashine anayoitaka mama wa familia yetu, ingawa pengine yeye mwenyewe hajui sababu.

JOTO NA VUMBI

Adui wa kompyuta katika ukanda wetu ni wawili: joto na vumbi. Vumbi la barabara ya machimbo ni laini kama unga wa muhogo, nalo halichagui tajiri wala maskini.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ikifanya kazi hutoa joto. Joto hilo lazima litoke. Njia ya kawaida ni feni, ambayo huvuta hewa ya nje na kuipitisha katika mapezi ya shaba au alumini. Lakini feni inayovuta hewa huvuta na vumbi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mapezi yanazibwa kama kichujio cha trekta lililolimia kiangazi. Mashine inaanza kupiga kelele, halafu inapunguza mwendo ili isiungue, na mwenyewe anadhani imezeeka.

Je, haiwezekani kuondoa feni? Jambo hili limewaumiza watu vichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1980 Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Apple III, isiyo na feni, kwa sababu Steve Jobs hakutaka kelele mezani. Joto lilizidi, chipu zikalegea katika vitako vyake, na inasimuliwa kwamba wateja walishauriwa kuinyanyua mashine kidogo na kuiangusha mezani ili chipu zirudi mahali pake! Mwaka 2000 kampuni hiyo hiyo ilijaribu tena kwa kompyuta ya mezani yenye umbo la mchemraba, iliyoitwa Cube, nayo bila feni, kwa bei ya dola 1,799. Ilikuwa nzuri kiasi cha kuwekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, lakini wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka uliofuata utengenezaji wake ulisimamishwa. Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Safari hii hakikujiuza, kwa sababu kwa bei hiyo mtu aliweza kupata mashine yenye nguvu zaidi na nafasi ya kuongeza vifaa.

Ushindi ulikuja Novemba 2020, ilipotolewa MacBook Air yenye chipu ya M1. Safari hii hawakushindana na joto. Walilipunguza kwenye chanzo chake. Chipu hiyo hula umeme kidogo mno kulinganisha na kazi inayofanya, hivyo feni haikuhitajika. Kwa mkazi wa Geita hii ni habari njema kuliko ilivyo kwa mkazi wa London, maana mashine isiyo na feni haivuti vumbi. Lakini gharama ipo hata hapo: ikipewa kazi nzito ya muda mrefu, kama kuhariri filamu ya harusi kwa saa nyingi, hulazimika kupunguza kasi ili ijipoze. Anayeandika insha na hesabu hatagundua kamwe. Mwenye studio ya video atagundua siku ya kwanza.

Hapa Shinyanga na iingie katika mazungumzo. Almasi, ile inayochimbwa Mwadui tangu mwaka 1940, hupitisha joto mara nne hadi tano zaidi ya shaba. Ndiyo sababu wahandisi wamekuwa wakitafuta njia za kutumia almasi ya kutengenezwa viwandani kupoza chipu zenye nguvu nyingi. Kwa sasa shaba inatosha katika kompyuta za nyumbani, kwa sababu ile ile inayotawala habari yote hii: gharama.

KIBODI ILIYOSHINDWA NA CHEMBE

Iwapo kuna kisa kimoja ambacho kila mnunuzi anayependa wembamba angepaswa kukijua, ni hiki. Mwaka 2015 Apple walianza kutumia kibodi ya aina mpya, ambayo vitufe vyake vilibonyea kidogo sana ili mashine iwe nyembamba zaidi. Haikuchukua muda malalamiko yakaanza: chembe ndogo ya mchanga au ya mkate ikiingia chini ya kitufe, herufi inakataa kuandikwa au inajirudia. Tena kibodi haikuweza kubadilishwa peke yake. Iliunganishwa na sehemu kubwa ya ganda pamoja na betri.

Mwezi Juni 2018 kampuni ilitangaza kuwatengenezea wateja bila malipo. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikaanza kurudi kwenye kibodi ya mtindo wa zamani, na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wateja huko Marekani. Hizo zilikuwa mashine za bei ya juu kabisa, na wateja wengi walizitumia katika ofisi zenye mazulia. Fikiri, ndugu msomaji, zingefanyaje Katoro wakati wa kiangazi!

Wapo wauzaji wa mitumba ambao bado wanazo mashine za miaka hiyo, yaani 2015 hadi 2019. Zinang'aa, na bei yake imeshuka. Anayeziona ajue kwa nini imeshuka.

KUMBUKUMBU ILIYOLEHEMIWA

Sasa tuje kwenye mgogoro mkubwa wa siku hizi. Zamani, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ile inayopimwa kwa gigabaiti na kushikilia mambo unayoyafanya kwa wakati huo, ilikuwa kijibao kinachochomekwa. Ikipungua, fundi anafungua, anachomoa, anachomeka kubwa zaidi. Leo, katika mashine nyingi nyembamba, chipu za kumbukumbu zimelehemiwa juu ya mazabodi au zimewekwa pamoja na prosesa yenyewe. Uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo.

Wanunuzi wengi wanaona huo ni ujanja wa kibiashara, na ushahidi wao haukosekani. Kwa miaka mingi Apple walikuwa wakitoza dola 200 kupandisha kumbukumbu kutoka gigabaiti 8 hadi 16, fedha nyingi kupita bei ya chipu zenyewe sokoni. Mwezi Oktoba 2024 ndipo walipofanya gigabaiti 16 kuwa kiwango cha kuanzia katika kompyuta zao mpya.

Hata hivyo upande wa pili nao una hoja. Umeme ukisafiri umbali mfupi hufika haraka na hutumia nguvu kidogo. Kumbukumbu iliyowekwa milimita chache kutoka kwenye prosesa hufanya kazi kwa kasi kubwa huku betri ikidumu. Ushahidi mzuri wa hoja hii umetoka mahali pasipotegemewa. Kampuni ya Framework ya Marekani ilijipatia jina kwa kompyuta mpakato ambazo mwenyewe unaweza kuzifungua kwa bisibisi na kubadilisha karibu kila kitu. Mwezi Februari 2025, ilipotangaza kompyuta yake ya mezani, kumbukumbu yake ilikuwa imelehemiwa! Walieleza kwamba chipu ya AMD waliyoichagua haikuweza kufikia kasi yake kwa kumbukumbu ya kuchomeka. Ikiwa mtetezi mkuu wa mafundi amelazimika kulehemu, basi si kila kulehemu ni hila.

Lakini mizani ya Geita haina budi kuangalia upande wetu. Kwa mtu aliye karibu na kituo cha huduma cha kampuni, chipu iliyolehemiwa ikiharibika ndani ya dhamana, mashine hubadilishwa. Kwa mtu wa Bukombe, Mbogwe au Kishapu, fundi wa jirani ndiye kituo cha huduma. Mashine anayoweza kuifungua ina thamani ya ziada ambayo haimo katika orodha ya bei. Na kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda duniani kote, kwa ajili ya mahitaji ya vituo vikubwa vya akili mnemba, anayenunua mashine isiyoongezeka ahakikishe inayomtosha iko ndani tangu mwanzo.

DHAHABU YETU ILIYOMO NDANI

Huenda msomaji wa Geita atafurahi kusikia kwamba kila kompyuta ina dhahabu. Viwanda vya teknolojia hutumia kiasi cha tani 300 za dhahabu kwa mwaka, na sehemu kubwa huingia katika vifaa vya elektroniki. Sababu ni sifa ile ile inayompendeza sonara: dhahabu haishiki kutu. Meno ya kijibao cha kumbukumbu hupakwa dhahabu ili yaendelee kugusana vizuri kwa miaka mingi.

Hata hapa kuna kupima gharama. Utando mzuri katika meno hayo hukaribia sehemu tatu kwa nne ya maikroni moja, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hupaka utando mwembamba zaidi, ambao hukwanguka upesi. Hakuna jicho litakaloona tofauti dukani. Baada ya miaka mitatu mashine inaanza kuzima yenyewe, fundi anachomoa kijibao, anafuta meno, anarudisha, na siku zinasogea.

Nalo neno la tahadhari kwa familia. Tani moja ya mazabodi kuukuu inaweza kuwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya machimbo yetu. Habari hiyo isimshawishi kijana yeyote kuchoma bodi nyuma ya nyumba au kuziloweka katika tindikali. Moshi wake una risasi na sumu nyingine, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Madhara ya zebaki katika machimbo madogo yametufundisha vya kutosha.

MASHINE ZA MIGODINI

Kuna wasemao, "Mbona migodi mikubwa inanunua kompyuta za bei ya kutisha?" Ni kweli, na sababu iko wazi. Mtaalamu wa miamba anayechora kompyutani umbo la mwamba wa dhahabu uliozikwa ardhini anashughulika na mamilioni ya vipimo. Kosa moja dogo linaweza kuelekeza uchimbaji mahali pasipo kitu. Kwa kazi kama hizo zipo kompyuta zenye kumbukumbu inayojisahihisha: kila biti 64 za taarifa husindikizwa na biti 8 za ulinzi, hivyo mahali penye chipu nane huwekwa tisa. Kwa kazi za nje zipo zilizoundwa kuhimili vumbi, maji na kuanguka, kama Toughbook za Panasonic, zilizoanza mwaka 1996.

Gharama hiyo ina haki yake kwa sababu kosa lingegharimu zaidi. Mwanafunzi anayeandika insha hana sababu ya kulipia chipu ya tisa. Kila mtu na anunue kwa uzito wa kosa lake.

HESABU YA FAMILIA

Turudi Kahama, tukae mezani na kalamu. Bei zifuatazo ni za mfano. Kila msomaji aweke za duka la mjini kwake, hesabu ni ile ile.

Tuseme mashine mpya ya alumini ni shilingi 3,600,000, nayo itadumu miaka 6. Kila mwaka wa kazi unagharimu shilingi 600,000. Tuseme mpya ya plastiki anayoisifu mjomba ni shilingi 1,200,000, lakini bawaba zake zitaachia baada ya miaka 2. Kila mwaka ni shilingi 600,000 vile vile! Tuseme mtumba imara wa ofisini ni shilingi 750,000, na betri mpya shilingi 150,000, jumla 900,000, na utadumu miaka 3. Kila mwaka ni shilingi 300,000.

Basi baba alisema kweli: mashine ghali si ghali kuliko ile rahisi ya plastiki, ukihesabu kwa miaka. Lakini kweli yake inategemea sharti moja, kwamba mashine isiibwe, isimwagiwe chai na isiungue kwa radi katika miaka hiyo sita. Likitokea lolote mwaka wa kwanza, baba amepoteza milioni tatu na laki sita, mama amepoteza laki tisa. Kwa binti anayekwenda kukaa bwenini miaka mitatu, hatari hiyo ni sehemu ya bei.

Mtumba nao una sharti lake: ukaguzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo mtumba wa kizazi cha sita au cha saba, hata ukiwa msafi namna gani, umekwisha kupungukiwa na umri wake, isipokuwa kwa anayejua kutumia Linux. Vivyo hivyo kompyuta za Apple zenye prosesa ya Intel: mfumo uliotolewa mwaka 2025 ndio wa mwisho kwao. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kizazi cha prosesa, mshukuru na uende duka la pili.

Mambo mengine ya kukagua ni mepesi. Fungua na kufunga kioo ukisikiliza bawaba. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Chomoa chaja, uiache mashine ifanye kazi nusu saa hapo hapo dukani, utazame betri imeshuka kiasi gani. Hakikisha hifadhi ni ya chipu, si ile ya sahani inayozunguka, maana hakuna badiliko linaloifufua mashine ya zamani kama hilo. Uliza kama kumbukumbu inaongezeka. Muulize pia fundi wa mtaani kwako kama vipuri vya aina hiyo anavipata Kahama au Mwanza, kabla hujalipa. Ukishanunua, uwe na kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka, na mara moja kwa mwaka mpe fundi aondoe vumbi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NANI ANUNUE IPI?

Mwenye studio ya picha na video, anayeishi kwa mashine yake na kuilaza ndani ya duka lenye mlango wa chuma, ana kila sababu ya kununua mpya ya daraja la juu. Itamrudishia fedha yake kabla haijachakaa. Mwenye steshenari atafaidika zaidi na kompyuta ya mezani ambayo kila kipuri chake kinabadilika, pamoja na betri ya akiba kwa ajili ya umeme ukikatika. Mwalimu na mwanafunzi, mtumba imara uliokaguliwa unawatosha. Ile mpya ya plastiki ya bei ya katikati imfae mtu ambaye lazima apate dhamana ya duka, naye ataitumia mezani bila kuihangaisha.

Kwa familia yetu ya mfano, basi, mama ameshinda safari hii, tena kwa hoja ya baba mwenyewe: fundi haangalii rangi ya spana, anaangalia chuma chake. Zinazobaki ziende kwenye ada, na zikizidi, kwenye kile chumba kilichosimama kwenye linta. Binti akimaliza chuo na kupata kazi inayodai mashine kubwa, atainunua kwa mshahara wake, akijua anacholipia.